Moja kwa Mia

Mchana natengeneza meno.
Maabara yangu iko nyuma ya soko, mjini Moshi;
nachonga magego ya nta, nayatia umanjano kidogo,
maana hakuna mtu wa Rau mwenye meno meupe kama karatasi,
na jino linalong'aa kuwapita jirani zake
limekwisha kusema uongo kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Usiku, kwa visu vilevile, naunda meli.

Msiniulize mtu wa mlimani na meli wapi na wapi.
Nimekwisha kuulizwa na mke wangu, na fundi bomba, na paroko.
Nyambizi yangu ya kwanza niliijaribu kwenye mfongo, juu kule Kibosho.
Ilizama vizuri, kwa adabu, pua kwanza.
Kuzama si kitu. Nyambizi ni kuibuka.
Labda hadi leo inateremka kimyakimya chini ya migomba ya watu
na periskopu yake ya sindano ya ganzi.

Basi akaja Mama Ndeonansia kufuata meno yake ya chini,
akaona deki niliyoianika dirishani.
Akakaa. Meno akayasahau.
Siku ya pili alirudi na bahasha:
picha tatu, na ramani iliyokunjwa mpaka ikachanika mikunjoni.
MV Lukwemba. Ziwa Tanganyika. Mita hamsini na mbili.
"Marehemu alikuwa fundi injini humo," akasema.
"Meli wameikata. Wameiuza kwa kilo, kama nyama."

Moja kwa mia: sentimita hamsini na mbili.
Miezi saba.
Mbavu za mringaringa, ngozi ya bati la kopo la maziwa,
reli za waya ule wa kunyooshea meno ya watoto.
Ribiti elfu moja mia nane na arobaini,
kila moja tone la gundi kwenye ncha ya sindano,
na umeme ukikatika kwenye ya mia tisa, unaanza kuhesabu upya
kwa mshumaa, kwa kidole, kwa hasira.
Nyeupe yake sikuipaka nyeupe. Niliichanganya na majivu kidogo,
kwa kuwa rangi halisi kwenye kitu kidogo hupiga kelele.

Akaja. Akavaa miwani. Akainama muda mrefu.
"Mlango wa jiko si mweupe."
"Ramani inasema mweupe, mama."
"Ramani haijawahi kula kwenye meli ile."

Ulikuwa wa kijani. Aliupaka mwenyewe mwaka ule walipojenga Pasua,
kwa rangi iliyobaki kwenye mlango wa nyumba yao;
alilipakata lile kopo tangu Moshi mpaka Kigoma,
treni nzima likimtoboa mapaja.

Jumamosi nikaenda Pasua na kisu changu cha nta.
Nikaukwangua mlango wa mjane, yeye kanisimamia na chai:
bluu, chini yake maziwa, chini yake kahawia,
halafu kijani, gamba moja, dogo kama la dagaa.
Nililibeba ndani ya kisanduku cha meno.

Siku ya kukabidhi, rangi ile ilikuwa bado mbichi.
"Na yeye yuko wapi?" akauliza.
Nikamwambia kwa kipimo hiki mumewe ni milimita kumi na saba,
mfupi kuliko jino la mbele ukilihesabu na mzizi wake;
ningeweza kumchonga, nina nta.
"Usimchonge. Saa hizi yuko chini, kwenye injini."

Kisha, kabla sijasema ngoja,
akaugusa mlango, kama mtu anayebisha hodi kwake.

Dole gumba lake liliuziba wote, kizingiti hadi kizingiti.
Mistari yake imekaukia pale.
Kopo la kijani ninalo, brashi ya nywele tatu ninayo.
Sijaurudia.